Mchanga kwanza, penseli baadaye

Mtoto wa miaka mitatu au minne akishindwa kuandika "a", mara nyingi umbo analijua. Kinachomshinda ni penseli. Kushika na kuchora ni kazi mbili. Zitenganishe.

Tafuta trei yenye kingo, sentimita 30 kwa 40 hivi, kitako chake kiwe cha rangi iliyokoza ili mstari uonekane. Mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kina kisichozidi nusu sentimita. Wengi huharibu hapa: mchanga ukiwa mwingi, mstari humomonyoka na herufi hufukiwa kabla kidole hakijainuka. Wenye unyevu hushikana madonge. Chumvi nayo inafaa, ila itamchoma mwenye mchubuko.

Kisha kata herufi ndogo (kubwa ziache kwanza) kutoka karatasi ya msasa laini na uzibandike kwenye kadibodi, irabu kwa rangi moja, konsonanti kwa nyingine. Msasa mkali huumiza ncha za vidole, na mtoto hatarudi tena.

Anza na herufi mbili zisizokaribiana kwa umbo wala sauti, kama a na m. Ukianza na b na d umejitafutia balaa. Pitisha juu ya msasa kidole cha shahada na cha kati, polepole, huku ukitamka "mmm", si "em". Mwachie naye apitishe. Halafu mwambie, "Nipe mmm." Swali la "Hii ni ipi?" ndilo gumu kuliko yote, liache hadi mwisho, hata kama ni siku nyingine. Akikosea, rudi mwanzo bila kumsahihisha.

Sasa apapase kadi, kisha aandike mchangani. Kufuta ni kutikisa trei, na wapo wanaoandika ili tu watikise. Usimshike mkono ukamwongoza: mkono ulioongozwa hulegea, wewe ndiye unayejifunza. Tazama kidole kinaanzia wapi kuliko herufi ilivyotokea. "a" iliyoanzia chini yaweza kupendeza, lakini kasi ya kuandika ikiongezeka itamkwamisha. Mwonyeshe upya kwenye msasa.

Herufi achague yeye. Wengi hutaka ya jina lao. Mpe, hata kama haikuwa kwenye mpango wako. Akigeukia kuchora samaki, mwache na samaki wake, mkono bado uko kazini.

Akiweza kuiandika bila kutazama kadi, mpe chaki iliyovunjwa hadi sentimita 3. Ufupi huo hauna nafasi ya kushikwa kwa ngumi, hivyo vidole vitatu hujipanga vyenyewe. Penseli ndefu ije baada ya hapo. Kugeuza b ikawa d ni jambo la kawaida hata kwa mtoto wa miaka sita. Anayetumia mkono wa kushoto, karatasi yake isogee kushoto kidogo na sehemu ya juu iinamie kulia; akikata mstari wa "t" kutoka kulia kwenda kushoto, mwache.