Pima unyonyaji wa nywele kabla ya kuchagua mafuta
Nyunyizia maji nywele safi, zisizo na mafuta wala krimu, kisha uangalie: matone yakikaa juu kama umande na nywele zikachelewa kukauka, magamba ya unywele yamebana, hivyo zinafaa mafuta mepesi kwa kiasi kidogo, na joto la mvuke husaidia vilainishi kupenya. Zikinyonya maji upesi na kukauka upesi, hali ya kawaida kwa nywele zilizotiwa dawa, blichi au moto wa mara kwa mara, zipake krimu nzito zikiwa bado na unyevu, halafu mafuta juu yake. Jaribio la kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji silipendekezi, kwani mafuta kidogo tu huufanya uelee, ukadhani haunyonyi maji. Ncha, ambazo ndizo kuukuu zaidi, zipimwe peke yake.