Namna ya Kutumia Mafuta ya Karafuu kwa Maumivu ya Jino bila Kujidhuru

Jino likimuuma mkazi wa Dodoma usiku wa manane, mara nyingi hukimbilia karafuu, na hakosei, kwa kuwa kiini chake kiitwacho yujenoli hutia ganzi jino na ufizi, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksaidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Hatari huanza pale mafuta ya karafuu yanapochukuliwa kuwa sawa na karafuu yenyewe.

Karafuu moja kavu ina takriban miligramu 10 hadi 15 za yujenoli, ilhali tone moja la mafuta lina karibu miligramu 40. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) imeweka kiwango cha juu cha kula kila siku kuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtu mzima wa kilo 60 hizo ni miligramu 150, kwa hiyo pilau haina tatizo lolote. Lakini kwa mtoto wa kilo 10 ni miligramu 25, yaani hata tone moja tu linapita kiwango hicho.

Ukiyatumia, changanya tone moja na nusu kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, ambayo kwetu huku hayakosekani jikoni. Chovya pamba kidogo, ikamue, iguse kwenye jino linalouma tu, kisha tema mate bila kumeza. Mafuta yasiyochanganywa huunguza ufizi na ulimi, na nimeona watu wakidhani kuungua huko ndiko kupona. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile wafarini, asiyatumie kabla ya kumuuliza daktari, kwa kuwa yujenoli nayo hupunguza uwezo wa damu kuganda.

Usimpake mtoto mchanga anayeota meno. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote, kwa sababu wapo watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10 tu, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, wakapoteza fahamu, wakapata degedege, sukari ikashuka na ini likaharibika. Ini huigeuza yujenoli kuwa kemikali kali inayomaliza glutathioni, kinga ya seli zake, jinsi inavyotokea mtu anapozidisha parasetamoli. Ndiyo maana hospitalini madaktari wamewatibu baadhi ya watoto hao kwa asetilisisteini, dawa ileile ya sumu ya parasetamoli.

Mtoto akimeza, usimtapishe, maana mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheza, kwa kuwa madhara ya ini huweza kujitokeza baada ya saa nyingi. Aliye mbali, kijijini Mpwapwa au Bahi, atafute usafiri usiku huohuo na apitie kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa.

Mafuta hayo yahifadhiwe katika chupa ya kioo yenye lebo, kwa sababu huharibu baadhi ya plastiki, na yafungiwe kabatini, mbali na chupa za dawa ya kikohozi. Maumivu yakizidi siku moja au mbili, au shavu likivimba, nenda kwa daktari wa meno, kwa kuwa ganzi haiui usaha.