Sarafu ya zamani ndani ya kasha la plastiki: lini ulipie kasha, lini ulipie sarafu

Wiki ya pili ya Ramadhani, baada ya futari, alinijia kijana mmoja wa Korogwe hapa nyumbani Ngamiani, Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba akatoa simu akanionyesha picha. Ilikuwa senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati, imefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Juu ya kasha kuna kibandiko, na kwenye kibandiko kuna namba: MS 65. Muuzaji anataka laki nne.

"Mama, hii ni ya Edward wa Nane. Mfalme yule wa Uingereza hakumaliza hata mwaka. Halafu imeshapimwa na wataalamu. Nitume hela?"

Nikamwambia, mwanangu, weka simu kwanza, tumalize uji. Niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayoyaandika hapa, maana swali lake naulizwa kila mara, na naumia nikiona vijana wanamaliza akiba yao kwa sababu ya kibandiko.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya kemia katika shule ya sekondari kwa miaka 27. Ninakusanya sarafu za Wajerumani wa Afrika Mashariki, zilizoitwa pesa, rupia na heller, pamoja na shilingi zilizofuata baadaye. Ndizo nitakazozitolea mfano, kwa sababu ndizo nilizozishika kwa mikono yangu.

Tuanze na namba. Kipimo cha 1 mpaka 70 alikibuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Siku hizi kinatumika kwa sarafu za dunia nzima. Sarafu isiyowahi kuzunguka sokoni huanzia 60, na ndizo zinazopewa herufi MS. Chini ya hapo ni sarafu zilizotumika, kila daraja na kuchakaa kwake. Kampuni mbili za Marekani ndizo zinazoaminika zaidi na wanunuzi: PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, iliyoanza mwaka 1987. Unawatumia sarafu, wanaikagua kama ni halali, wanaipa daraja, wanaifungia ndani ya kasha lisilofunguka bila kuvunjwa, kisha wanaipa namba ya usajili.

Ukinunua kwa Wajerumani, na sarafu zetu nyingi nzuri ziko kwao, mara nyingi hutaona namba hizo kabisa. Wao wanaandika ss kwa sarafu iliyotumika lakini bado nzuri, vz kwa iliyotumika kidogo sana, na st kwa ile yenye mng'ao wake wa kiwandani. Zijue herufi hizo. Nimenunua sarafu nzuri sana zilizoandikwa vz tu kwenye karatasi, bila plastiki yoyote, kwa sababu mnunuzi anayetafuta makasha alizipita.

Kasha la kampuni inayoaminika linakwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba sarafu si ya bandia, na kampuni inasimama nyuma ya kauli hiyo. La pili, kwamba wakaguzi wachache waliitazama siku fulani wakakubaliana daraja. Hilo la kwanza lina uzito mkubwa. La pili ni maoni ya watu wenye uzoefu, na maoni hubadilika: sarafu ileile ikivunjwa kutoka kwenye kasha na kupelekwa tena, inaweza kurudi na daraja moja juu au moja chini. Kibandiko hakisemi kama sarafu ni adimu, wala kama bei unayotajiwa ni ya haki.

Hapa kwenye uadimu ndipo watu wetu wanapoumizwa zaidi. Kampuni hizo hutangaza orodha ya sarafu zote walizowahi kuzipima, kwa kila mwaka na kila daraja. Muuzaji anafungua orodha, anakwambia: "Tazama, zipo nne tu duniani zenye daraja hili." Sizo nne duniani, ni nne zilizopelekwa. Dola ya fedha ya Marekani inapelekwa kwa maelfu, kwa hiyo orodha yake ina maana. Senti kumi ya Afrika Mashariki nani ataipeleka? Ada ya kupimwa, posta ya kwenda na kurudi, bima, vyote vinazidi thamani yake mara kadhaa. Orodha yake itabaki fupi hata kama zimejaa kwenye makopo ya vifungo vya nguo kuanzia Kampala mpaka Lindi.

Sasa ile ya kijana wangu. Ni kweli Edward wa Nane alishika ufalme Januari 1936 akauacha Desemba mwaka huohuo. Lakini senti tano na senti kumi zenye jina lake zilipigwa kwa mamilioni. Sura yake hazina, kwa sababu pale ambapo sura ingekaa kuna tundu. Hadithi ni nzuri, sarafu ni ya kawaida. Ningemshauri anunue moja bila kasha, iliyokaa vizuri, kwa pesa ya soda chache, na hizo laki nne azitunze.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: lipia kasha pale ambapo hofu yako kubwa ni bandia, na ambapo bei inaweza kubeba gharama ya kupimwa bila kuyumba.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni dhahabu ya Tabora. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu haziji tena kutoka Ujerumani, basi Wajerumani wakapiga zao kwenye karakana ya reli karibu na Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Rupia 15, tembo upande mmoja, tai upande wa pili, herufi T ya Tabora. Zilipigwa zaidi kidogo ya elfu 16 tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Kila mkusanyaji wa sarafu za Afrika anaitaka, na ndiyo maana bandia zake ni nyingi. Mbaya zaidi, baadhi ya bandia hizo ni za dhahabu kweli. Uzito wa halali ni gramu 7.168 na dhahabu yake ni asilimia 75, lakini mtu mwenye tanuri na mizani nzuri anaweza kuvipata vyote viwili. Mizani yangu haiwezi kumkamata. Anayemkamata ni mtu aliyewahi kutazama mamia ya tembo wale kwa kioo, akajua kila mkunjo wa mkonga. Tembo wa Tabora, na vilevile sarafu ya rupia 2 ya mwaka 1893 au 1894, usinunue nje ya kasha la kampuni inayojulikana, isipokuwa umemjua muuzaji miaka mingi na anakubali kuichukua tena ikikataliwa.

Kwa rupia ya kawaida ya fedha mambo ni tofauti, unaweza kujilinda mwenyewe. Tafuta mizani ya kielektroniki inayosoma mpaka gramu 0.01, mafundi wa dhahabu wanazo. Rupia nzima huwa na gramu 11.66, iliyochakaa hupungua kidogo. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Ifunge rupia kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa rupia kwa namba hiyo. Fedha ya rupia, ambayo ni sehemu 917 kwa 1000, itakupa karibu 10.3, yaani mizani itasoma kama gramu 1.13. Ikisoma 1.3, uliyonayo ni shaba iliyochanganywa na nikeli, na muuzaji ana maswali ya kujibu. Ukimaliza ikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini. Usiisugue. Na sarafu za shaba usizitie majini kabisa kwa jaribio hili.

Kusugua kunanileta kwenye rupia ya bibi yangu wa Pangani.

Ilikuwa ya mwaka 1890, Kaizari amevaa kofia yake yenye tai, nyuma simba na mnazi. Bibi aliitia kikuku kidogo juu akaivaa kama kidani, na kila Idi aliing'arisha kwa ndimu na jivu. Aliponiachia, nilitaka iwe na heshima ya kasha. Mpwa wangu aliyeko Hamburg akaipeleka. Ilirudi bila namba. Kibandiko kilikuwa na neno DETAILS, na chini yake maelezo kwamba imesafishwa na ina alama ya kiungo cha pambo. Gharama zote zilizidi bei ya rupia tatu za aina ile. Lakini wakaguzi walisema kweli. Nilipoitazama tena dirishani niliona mwenyewe: mikwaruzo myembamba inayokimbia upande mmoja, na pale juu, mkabala na utosi wa Kaizari, ukingo una uvimbe wa lehemu ya kuunganishia. Ningeitazama vile tangu mwanzo nisingeipeleka. Nililivunja kasha kwa koleo, taratibu, na sasa rupia iko kwenye mkufu wake.

Basi jifunze kutazama, maana sarafu nyingi za pwani yetu zimepitia ndimu, jivu, mchanga au dawa ya meno. Simama karibu na taa moja tu, shika sarafu kwa ukingo, iinamishe polepole. Sarafu ambayo haijasuguliwa ina mng'ao unaozunguka kama miale, unatembea kadiri unavyoigeuza. Iliyosuguliwa inang'aa kote mara moja, bila uhai, kama sufuria mpya. Kagua ukingo wote, hasa juu kabisa, kutafuta tundu lililozibwa au kiungo kilichokatwa. Hapo kasha linaweza hata kukuzuia, kwa sababu baadhi ya makasha huficha ukingo. Muuzaji akikataa kukutumia picha za pembeni au video fupi ya sarafu ikigeuzwa, acha.

Na kuna makasha yasiyo na maana yoyote. Mtu yeyote anaweza kununua plastiki, kuchapisha kibandiko na kuandika 66. Nami niliwahi kununua shilingi ya 1925 ndani ya kasha la kampuni nisiyoijua, nikaamini namba. Ilipofika ilikuwa imepigwa dawa ya kung'arishia vyuma mpaka manyoya ya simba yamelainika. Tangu hapo, ikiwa kampuni siijui, najifanya kasha halipo na natoa bei ya ile sarafu tupu ninayoiona.

Hata makasha yenye majina makubwa huigwa. Kabla hujatuma hela, chukua namba ya usajili, iingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, usitumie kiungo alichokutumia muuzaji. Aina ya sarafu, mwaka na daraja lazima vifanane. Kisha linganisha picha ya kampuni, kama ipo, na ile ya muuzaji: tafuta doa au mkwaruzo mmoja unaotambulika na uhakikishe uko palepale. Walaghai huiba namba halali wakaibandika kwenye bandia, kwa hiyo namba peke yake haitoshi.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Kasha gumu huzuia vidole na kuanguka, lakini hewa ya chumvi ya Tanga hupenya, kwa hiyo lisiwekwe juu ya kabati karibu na dirisha. Sanduku lenye mfuniko unaobana na vipakiti vya kunyonya unyevu vinatosha. Zile bahasha laini za plastiki zinazonuka kama pazia jipya la bafuni ziogope, huacha ute wa kijani unaokula chuma. Ute ukianza, asetoni safi ya maabara huuondoa kwa kulowekwa tu, dirisha wazi, mbali na jiko la mkaa. Na kila unachonunua kiandike: tarehe, uzito, bei, umekitoa kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo moja tena, la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa vimo humo. Ukikiokota, kiripoti, ukiuziwa, hata kikiwa ndani ya kasha zuri kiasi gani, kikatae.

Kijana wa Korogwe hakutuma zile laki nne. Mwezi uliofuata alirudi na heller 20 ya Tabora, ya shaba nyeupe-njano, aliyoinunua kwa fundi redio sokoni, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Haikuwa imesuguliwa. Upande wa taji ulikuwa hafifu, nikamwambia asiogope: zilipigwa haraka wakati wa vita, kwa maganda ya risasi na vyuma chakavu, nyingi hazikujaa sawasawa, na hilo si kuchakaa. Nikamwonyesha kwamba kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na kwamba ncha za herufi L kwenye neno HELLER hazifanani kwa zote, kwa sababu zilitumika muhuri zaidi ya mmoja. Akauliza kama neno hilo ndilo lililotupa hela. Nikamwambia ndilo. Akachukua kioo, akaisogelea taa, akaanza kuitafuta L ya pili.