Kupanga meza ya mazao na kazi za mikono

Mboga hupenda unyevu, vikapu huuchukia. Ukiviweka pamoja, nyasi zilizosukwa hushika kuvu, na madoa yake meusi hayatoki vizuri. Acha angalau nusu mita kati yao: mboga kivulini, vikapu penye hewa.

Mboga za majani zivunwe alfajiri, kabla jua halijazinyausha. Simamisha mashina kwenye maji ya kina cha sentimita 3 hivi, kisha funika majani kwa kitambaa chenye unyevu. Usimwagie maji fungu zima; majani yaliyobanana yakiwa maji huanza kuoza katikati, pasipoonekana. Nyanya zipange safu moja tu, zisipandane.

Asali iliyoganda haijaharibika, na kuganda peke yake si dalili ya kuchanganywa sukari. Mweleze mteja hivyo waziwazi. Akiitaka laini, aweke chupa kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 40 za Selsiasi. Moto mkali hupoteza harufu yake, na harufu ndiyo inayonunuliwa.

Bei ya kikapu ni malighafi, saa za kazi, usafiri na uchakavu wa vifaa. Saa ndizo husahaulika, na hapo ndipo msusi hufanya kazi bure. Andika kwenye lebo jina lake, aina ya ukindu au nyuzi, na namna ya kusafisha.

Mnunuzi, geuza kikapu utazame kitako, kisha vuta mpini taratibu pale unapoungana na ukingo. Kikapu dhaifu huachia hapo kwanza.