Somo: Vipande vya oti, tende na ndizi, na kwa nini vyako vinamomonyoka

Habari zenu wapendwa. Kila wiki naulizwa swali lilelile: "Mbona vyangu vimemomonyoka?" Nimejibu hadi nimechoka, kwa hiyo naweka yote hapa. Nawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Mahitaji: oti nzima vikombe 2 na nusu (zile bapa kubwa, si za kuiva dakika moja), tende gramu 250 zilizotolewa kokwa, ndizi 2 zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi, siagi ya karanga vijiko vikubwa 4, asali vijiko vikubwa 2, korosho nusu kikombe, zabibu kavu nusu kikombe, mdalasini kijiko kidogo 1, iliki na chumvi kidogo. Trei ya sentimita 20 kwa 20.

1. Washa oveni nyuzi 175.

2. Kaanga oti kwenye kikaango kikavu dakika 5, hadi zinukie.

3. Loweka tende kwenye maji ya moto dakika 10, kisha zichuje vizuri. Maji yakibaki, mchanganyiko unalegea.

4. Ponda tende na ndizi. Kinu na mchi vinatosha, blenda si lazima.

5. Changanya vyote.

6. Tandika karatasi ya kuokea, mimina, halafu shindilia. Tumia kitako cha kikombe kilicholowa maji, ukandamize kwa nguvu hadi kwenye kona. Palipobaki hewa ndipo patakapokatika.

7. Oka dakika 25 hadi 30. Kingo ziwe za kahawia. Katikati patakuwa laini bado, na ndivyo inavyotakiwa.

8. Acha vipoe. Hapa ndipo nilipoharibu. Ilikuwa asubuhi ya Idi, wageni wameshafika, nikatoa trei kwenye oveni na kukata papo hapo. Kisu kilipopita, vipande vyote vikageuka chembechembe, na trei mbili nilizoziandaa usiku kucha sikuweza kumwandalia mgeni hata mmoja. Iliniuma sana. Sababu ni hii: sukari ya tende na asali ikiwa ya moto ni majimaji, haishiki kitu. Inapopoa ndipo inakaza na kuzishika oti. Kwa hiyo saa 1 nzima ndani ya trei, kisha saa 2 kwenye friji, ndipo ukate kwa kisu kirefu kwa kukandamiza, bila kukereza kama msumeno. Usionje kona. Usigeuze trei. Usivirudishe kwenye oveni ukidhani havijaiva, vitakauka viwe kama mbao.

Ndizi inaleta unyevu, kwa hiyo kwa joto la Dar usiviache nje zaidi ya siku 2. Kwenye friji vinakaa kama wiki.

MASWALI

Mama Mapacha: Vyangu vimekuwa kama uji. Niliongeza kikombe cha maziwa na oti za dakika moja.
Jibu: Maziwa hayamo kwenye somo. Oti za dakika moja nimezikataza mstari wa kwanza wa mahitaji.

Mgeni wa Jikoni: Oti vikombe vingapi?
Jibu: Rudi juu.

Kijana wa Tanga: Samahani dada, kwa nini huweki yai? Nini kinachoshika?
Jibu: Swali zuri sana, mdogo wangu. Umeona uji wa oti unavyoteleza? Ule utelezi ni nyuzinyuzi za oti zinazoyeyuka, na zikikutana na unyevu wa ndizi zinakuwa gundi. Tende inaongeza gundi yake. Ukiweka yai utapata kitu kinachofanana na keki. Si kibaya, ila ni kitu kingine.

Binti Pwani: Mama ana kisukari. Kwa kuwa havina sukari, ale tu?
Jibu: Hapana. Sikuongeza sukari ya dukani, lakini tende, ndizi na asali zote zina sukari. Muulizeni daktari wake kwanza.

Mzazi Mpya: Mwanangu ana miezi 10, nimpe?
Jibu: Usimpe, tafadhali. Mtoto chini ya mwaka 1 hapewi asali, hata iliyookwa, na korosho nzima inaweza kumkaba.

Baba Watatu: Sina oveni.
Jibu: Tumia mkaa kama unavyofanya mkate wa kumimina. Sufuria zito, mchanga chini, trei ndani, palia makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Anza kuangalia dakika ya 20.

Kijana wa Tanga: Nimejaribu na embe kavu badala ya zabibu. Tamu! Ila embe nilizokausha mwenyewe zimeota ukungu.
Jibu: Hongera! Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jua peke yake halitoshi siku za mawingu. Kata nyembamba, unene kama nusu ya kidole kidogo, anika chini ya chandarua kuzuia nzi, kisha malizia kwenye oveni ya moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo. Ukikunja kipande kisitoe maji.

Binti Pwani: Na ufuta je?
Jibu: Ukaange kwanza, unyunyize juu kabla ya kushindilia.