SOMO: Kupiga picha kali ya Sanamu ya Askari pale Posta, Dar, hata kwa simu

Wakuu salama? Picha za yule Askari wa Posta naziona kila siku na karibu zote singe (kile kisu cha kwenye ncha ya bunduki) imekatwa. Jamani singe ndo picha yenyewe! Bunduki kaielekeza bandarini, ukishakata ile ncha unabaki na mtu tu juu ya jiwe.

Kwanza muda. Nenda Jumapili, saa moja asubuhi uwe umeshafika. Siku za kazi ile kipilefti haina hata sekunde bila gari, na jua la asubuhi linatokea upande wa bahari so linampiga vizuri, mchana jua la utosi uso wote unakuwa giza. Mwendokasi ya Kivukoni, shuka Posta ya Zamani, malizia kwa mguu.

Pili, USIMSOGELEE. Ukimpiga toka chini jiwe linakuwa kubwa yeye anakuwa kadogo. Vuka ng'ambo ya Samora, vuta zuumu mara mbili, kaa ubavuni kwake maana ukikaa mbele bunduki inaonekana fupi kama rungu, halafu acha nafasi kule singe inakoelekea.

Tatu, futa lenzi. Shaba ni nyeusi na anga ni jeupe, simu inachanganyikiwa, so gusa sanamu kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ijifunge, ndo uongeze mwanga kidogokidogo.

Na tafadhali usiondoke bila kupiga maandishi, yapo ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, simama kwa pembeni kidogo yasing'ae. Sanamu ilizinduliwa 1927, palepale Wajerumani walipokuwa wameweka sanamu ya Wissmann, gavana wao. Ni ya kuwakumbuka Waafrika wa vita ya kwanza ya dunia, na wapagazi wametajwa pale kama miguu na mikono ya jeshi. Mimi hayo maneno ndo hunirudisha pale kila mara, watu walibeba mizigo porini mpaka wakafa halafu sisi tunapita na daladala hatugeuzi hata shingo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu polisi hawasumbui?
Jibu: Kwa simu sijawahi kuzuiwa, watalii wanapiga kila siku. Ila usielekeze kamera kwa askari wa kweli, na ukishuka upande wa Ikulu weka simu mfukoni kabisa.

Swali: Naogopa vibaka wa bodaboda, niko peke yangu.
Jibu: Dada tafuta mwenzio muende wawili, mmoja anapiga mmoja anaangalia barabara. Simu ifunge kamba mkononi na usisimame ukingoni mwa lami.

Swali: Bismini wanayosema wazee ndo hiyo?
Jibu: Ndo hiyohiyo.

Swali: Usiku je?
Jibu: Inawezekana, ila uwe na stendi, weka taima ya sekunde tatu ili kidole kisitikise simu. Taa za magari zinatoka michirizi kumzunguka. Ukipiga ilete hapa tuione, na singe iwepo!