Kuchagua magurudumu ya meza, kabati na mashine: anza na sakafu, bei baadaye

"Fundi, nitilie matairi yoyote, mradi itembee." Sisi tunaochomelea meza za biashara, kabati za chipsi na toroli za jikoni tunaisikia kauli hiyo kila wiki. Muda si mrefu kitu kinarudi karakana: gurudumu moja limelala ubavu, jingine limegoma kuzunguka, na mwenye mali analalamika kwamba matairi ya siku hizi ni feki. Feki zipo, sikatai. Ila mara nyingi gurudumu lenyewe lilikuwa zima, likapelekwa mahali ambapo halikutengenezewa.

Hapa nitafuata mfano wa kabati la chipsi la kutembeza, kwa sababu lina karibu kila taabu: uzito, moto, mafuta, kizingiti, na barabara yenye mteremko. Vitu vya ndani kama viti na meza za jikoni nitavigusa njiani.

Hatua ya 1: Tembea njia nzima na tepu mkononi

Usianzie dukani. Anzia pale kitu kinapolala usiku, tembea mpaka pale kinapofanyia kazi. Kila ukikuta kizingiti, mfuniko wa mtaro, ufa wa zege au pengo kati ya tofali za pevingi, pima. Kisha andika kikwazo kikubwa kuliko vyote. Hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa gurudumu, hata kama sehemu nyingine yote ya njia ni marumaru tupu.

Sababu yake ni hesabu. Gurudumu likigota kwenye kidato, lazima lijiinue lipande juu yake, na kadiri lilivyo dogo ndivyo linavyopata shida. Chukua kidato cha sentimita 1, kimo cha vizingiti vingi vya milango. Gurudumu la kipenyo cha milimita 50 linahitaji lisukumwe kwa nguvu inayozidi uzito lililobeba, kama mara 1.3 hivi. Yaani likiwa limebeba kilo 30, unasukuma kana kwamba unashindana na kilo 40. La milimita 100 linataka robo tatu ya uzito wake. La milimita 200 linataka karibu nusu tu. Ndiyo maana kabati lenye vigurudumu vidogo halipandi kizingiti: miguu inakwama chini, juu kunaendelea kwenda, na karai la mafuta linafuata.

Vipimo ninavyotumia mimi ni hivi. Ndani, marumaru au terazo isiyo na vizingiti, milimita 50 hadi 75 zinatosha. Ndani penye vizingiti, jikoni za hoteli, zahanati, nenda 100 au 125. Nje kwenye lami na pevingi, 150 hadi 200. Mchanga na vumbi la kuzama, achana kabisa na magurudumu ya toroli ndogo, weka tairi za upepo. Saizi 4.00-8 ndiyo ya bajaji, na toroli nyingi za ujenzi zinatumia hiyohiyo, kwa hiyo tairi na tyubu unapata popote, na fundi pancha yeyote anaijua.

Jambo moja linalosahaulika hapa: kimo. Gurudumu la milimita 100 likishafungwa na foko lake, kile chuma kinacholishika pande mbili, huinua fremu kama sentimita 13. Meza ya kukatia iliyokuwa inamfika mama kiunoni sasa inamfika karibu na kifua. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya pleti, kile kibamba cha juu kinachofungwa kwenye fremu, kisha punguza urefu wa miguu ya fremu kabla hujachomelea.

Hatua ya 2: Jumlisha uzito, gawa kwa tatu

Ndiyo, kwa tatu, hata kama magurudumu ni manne. Fremu ya chuma haipindi, na sakafu haijanyooka. Wakati wowote kuna gurudumu moja limeelea au limegusa kidogo tu, na matatu yaliyobaki yanabeba mzigo wote.

Hesabu kitu kikiwa kimejaa, siyo kikiwa kipya kimepigwa rangi. Kwa kabati letu: fremu na bati kilo 45, vioo kilo 15, gunia la viazi kilo 50, mafuta na vyombo kilo 10. Mtungi wa gesi wa kilo 15 usiuhesabu kilo 15, maana hiyo ni gesi peke yake. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa shingoni. Ukijumlisha na gesi unafika kama kilo 30. Jumla yetu ni 150. Gawa kwa tatu, unapata kilo 50 kwa kila gurudumu. Kwa kuwa linakwenda barabarani na litagonga mashimo, ongeza nusu yake: nunua yanayobeba kilo 75 au zaidi kila moja.

Namba iliyoandikwa kwenye gurudumu ni ya gurudumu moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwenye sakafu laini. Mtu akishafunga kabati nyuma ya bodaboda ili awahi sokoni, namba hiyo haina maana tena. Beringi zinapata moto, tairi linaachana na kiini chake, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Hatua ya 3: Gurudumu limetengenezwa na nini?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Nailoni ni ngumu, nyeupe mara nyingi, inabeba sana na inasukumika kwa wepesi. Haijali maji wala mafuta. Lakini inapiga kelele, na kwa kuwa haibonyei, uzito wote unakaa kwenye kijisehemu chembamba cha sakafu. Friji kubwa ya kinywaji juu ya nailoni inaweza kupasua marumaru iliyolazwa vibaya. Naipenda kwenye sakafu ya sementi ya stoo, siyo sebuleni.

Mpira ni mtulivu na unameza mitikisiko. Wodini na ofisini hakuna anayekusikia ukipita. Kasoro zake ni tatu. Mpira mweusi huacha michirizi kwenye sakafu nyeupe. Mzigo mzito ukisimama sehemu moja miezi mingi, tairi linabaki na ubapa na baadaye linatembea kwa kurukaruka. Na mpira wa asili haupatani na mafuta: yakidondokea kila siku, unavimba na kulainika. Kwa hiyo kwenye kabati la chipsi, mpira wa kawaida nauepuka.

Poliurethani, ile ambayo wauzaji wanaiita PU, iko katikati ya hizo mbili. Haichori sakafu, inavumilia mafuta, inabeba vizuri, haina kelele kama nailoni. Kwa kabati letu, PU ya milimita 150 yenye kiini cha chuma ndiyo chaguo langu. Ila tuseme na ubaya wake: aina nyingi za PU huliwa na joto likichanganyika na unyevu. Katika hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, PU iliyokaa miaka mingi inaanza kunata, kisha inapasuka na kumeguka vipandevipande bila hata kubeba kitu. Kwa hiyo zile zilizolala rafuni muda mrefu, zimefubaa na zinanata ukizishika, ziache hata kama bei imeshuka.

Magurudumu ya chuma tupu ni ya karakana zetu sisi, ambako cheche na vinyweleo vya chuma cha moto vinachoma plastiki. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Tukiwa bado pwani: foko na pleti nyingi zimepakwa zinki tu, na chumvi ya baharini haichukui muda kuzila. Kwa meza za samaki au vitu vinavyooshwa kwa maji kila siku, lipia steinlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi.

Hatua ya 4: Yapi yageuke, yapi yasigeuke

Wateja wengi wanataka yote manne yageuke, wakiona ndiyo wepesi. Ndani ya chumba kidogo ni kweli: kabati lenye manne yanayogeuka unaliingiza kwenye kona hata kwa ubavu. Barabarani ni balaa. Barabara zimeinamishwa pembeni ili maji yaende mtaroni, na kabati la namna hiyo linafuata maji. Unasukuma mbele, lenyewe linakwenda kando, mkono unachoka kwa kulirudisha njiani.

Kwa safari ndefu weka mawili yasiyogeuka na mawili yanayogeuka. Yanayogeuka yakae upande wa mpini, pale anaposimama msukumaji, ndipo atakapoweza kukata kona. Hayo mawili yasiyogeuka hakikisha yamenyooka sawasawa; yakipishana hata kidogo tu, kabati linavuta upande mmoja milele.

Angalia pia mkia. Gurudumu linalogeuka halikai chini ya katikati ya pleti, linakaa nyuma yake, na ukibadili mwelekeo linazunguka lote kwenda upande wa pili. Kabla ya kutoboa, zungusha gurudumu kwa mkono duara zima uone linafagia wapi. Lisiguse mguu wa fremu, lisitoke nje ya kabati likakanyaga vidole vya wateja, na zaidi ya yote lisifike kwenye mpira wa gesi.

Hatua ya 5: Breki

Kuna breki inayobana tairi tu, na kuna inayobana tairi pamoja na shingo, yaani pale foko linapogeukia chini ya pleti. Ya kwanza inazuia kitu kisiondoke, lakini ukikata viazi juu yake meza inacheza huku na huku, kwa sababu shingo iko huru. Mahali penye kisu au mafuta ya moto, dai ya pili. Mbili zinatosha, kwenye magurudumu ya upande wa mpini, mguu uzifikie bila kuinama.

Breki ni ya kushikilia kitu kilichokwisha kusimama. Kwenye mteremko haipunguzi mwendo. Na mashine inayotetemeka kama kompresa au ya kusaga usiitegemeze kwenye breki: weka miguu ya skrubu, ukifika mahali pake unaiteremsha ili magurudumu yaelee.

Hatua ya 6: Dukani

Iwe Kariakoo au Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi, usikubali kufungiwa kwenye mfuko kabla hujayashika. Shika pleti kwa mkono mmoja, foko kwa mwingine, tikisa. Mchezo mdogo si neno, lakini ikigongagonga iache. Chungulia shingoni: safu mbili za gololi, juu na chini, zinadumu kuliko safu moja. Zungusha tairi usikilize. Beringi nzuri inanong'ona, mbovu inasaga. Sugua tairi kwenye karatasi nyeupe uone kama inachora.

Kisha yapange yote manne juu ya kaunta, ubavu kwa ubavu, uangalie vimo. Ya viwanda tofauti yanaweza kupishana milimita kadhaa hata kama yote yameandikwa 100, na meza itayumba tangu siku ya kwanza.

"Kaka, haya yote ni PU," muuzaji atakwambia. Bonyeza tairi kwa ukucha. Plastiki ngumu iliyotiwa rangi nyekundu haibonyei kabisa.

Viti vya ofisi vina kanuni yao. Katika kiwango cha Ulaya, EN 12529, magurudumu magumu ya rangi moja ni ya zulia, na yale ya rangi mbili, laini kwa nje, ni ya sakafu ngumu. Viti vingi vinakuja na ya zulia, huku ofisi zetu ni marumaru, ndiyo maana kiti kinateleza ukikikalia pembeni. Kubadilisha ni kuchomoa na kuchomeka. Pini ya kawaida ni milimita 11, lakini zipo za 10, kwa hiyo nenda na moja ya zamani mfukoni.

Hatua ya 7: Kufunga

Usichomelee pleti ya gurudumu moja kwa moja kwenye fremu. Moto unaunguza grisi ya shingoni na kuharibu gololi, zinki iliyopakwa inatoa moshi wenye madhara, na siku gurudumu likifa utahitaji grainda kulitoa. Chomelea kipande cha pleti kwenye fremu kwanza, kiache kipoe, toboa matundu manne, kisha funga gurudumu kwa bolti, washa na nati za kujibana. Fremu ya bomba jembamba isibebe gurudumu kwenye ukuta wake bila pleti, itabonyea.

Baada ya wiki ya kwanza ya kazi, pita na spana ukaze nati zote, kwa sababu rangi chini ya pleti hukandamizika na bolti kulegea. Baada ya hapo, kila mwezi pindua gurudumu uangalie ekseli. Saluni utakuta nywele zimejisokota, kwa fundi cherehani ni nyuzi, kwenye kabati la chipsi ni mafuta yaliyoganda na vumbi. Kata kwa wembe, futa, tia tone la grisi mpya.

Likiharibika moja kati ya manne na mengine yamekwisha kuchakaa, badilisha mawili ya upande mmoja kwa pamoja.